Mchicha Bila Nazi

Juzi, katika mkahawa wa bandari ya ugenini, niliwekewa mchicha uliochemshwa bila nazi wala chumvi. Harufu yake iliponifikia, sikuweza kula.

Ndio uliokuwa mlo wa baba, nyumbani kwetu nyuma ya Ndia Kuu. Daktari alimkuta na ugonjwa wa sukari, akamkataza wali, tende na halua, akamwachia mchicha na mayai. Baba alikonda hata kanzu yake ikawa kama imeanikwa juu yake.

Daktari aliporudi kumtazama, mama alimwuliza kutoka nyuma ya pazia, "Bwana daktari, niwie radhi. Mume wangu anakauka kwa hiki chakula chako. Je, kitamponya?"

Daktari akajibu, "Hakiponyi, bibi. Kinachelewesha tu."

"Basi mwache ale!"

Baba alicheka pale kitandani. "Mwamsikia? Ataka kunizika nimeshiba." Kisha akanitazama, nami nimekaa mkekani na juzuu yangu. "Nicheleweshe, daktari. Huyu bado hajahitimu Kurani."

Jioni jirani alituletea halua ya arusi, ingali moto, yachuruzika samli. Mama alitaka kuificha. Baba akakataa, akaniita.

"Ndoo, mwanangu. Kula hapa nikuone."

Nikala, macho yake yakifuata kila tonge. Nilipoinuka kwenda kunawa alinishika mkono, akavisogeza vidole vyangu puani mwake, akafumba macho.

"Usinawe kwanza," alisema.