Karani alishika tama, nyumbani tukaweka matanga

Wakuu, salama humu?

Juzi kazini tuliletewa semina ya customer care. Mwalimu akasema mteja ajue unamsikiliza kwa body language: inama mbele kidogo, tuliza uso, weka mkono shavuni. Hapo kwenye shavu nikacheka peke yangu.

Acha niwape kisa. Siongezi wala sipunguzi.

Mimi ni wa Bukavu, mtaa (quartier) wa Kasha. Vita ya kwanza ya kwetu, ile ya miaka ya tisini, ilipoingia mjini tulikimbia, na kwenye msongamano mdogo wangu Neema akatupotea. Alikuwa mtoto wa miaka saba hivi.

Tuliporudi tukasikia kuna shirika linatafuta watoto waliopotea. Nikampeleka mama ofisini.

Tulipokelewa na karani kijana, Déo, wa Bukavu hapo hapo, mstaarabu, ametoka formation, yaani mafunzo, ya kusikiliza wateja. Ndiyo, sisi tuliopotelewa tuliitwa wateja. Haya bwana.

Mama akaanza kueleza. Déo akaacha kuandika, akainama mbele, kiwiko mezani, akashika tama.

Kwa wasiojua, kwetu mkono shavuni ni wa msiba. Mtoto akikaa hivyo anapigwa kofi: "Toa mukono! Unamulilia nani?"

Mama akakatisha maneno. Akamwangalia.

"Aksanti, mutoto yangu. Nimesikia."

Akanyanyuka, tukatoka. Njiani ndipo akaniambia, "Ule kijana iko anajua mutoto alikufa. Amekosa tu mudomo ya kuniambia."

Nikabisha, lakini nusu niliamini. Siku zile habari mbaya ndizo zilizokuwa zinafika.

Mama akaangua kilio, majirani wakajaa, tukaweka matanga. Hakuna mwili, hakuna kaburi. Niliumia sana. Ila kuna kitu kilikataa kichwani: yule karani hakuwa hata amepewa jina la mtoto, amejuaje?

Nikarudi ofisini. "Ndugu, kama alikufa, useme wazi."

"Nani alikufa? Maman aliondoka hata jina hajanipa!"

Nikamwonyesha alivyokaa. Akasema, "Mungu wangu. Walitufundisha vile mu formation, nikasahau niko Bukavu."

Sifa yake nampa: alikuja mwenyewe mpaka Kasha, katikati ya waombolezaji. Wajomba walitaka kumfukuza. Akaketi chini kwenye mkeka, mikono magotini, macho chini, na kila neno alilosema mama anaitikia, "Eeh, maman." Kwetu mama mtu mzima anasikilizwa hivyo.

Mama akamwaga yote, pamoja na jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa: "Neema iko na kigugumizi. Akiogopa, jina haitoke. Mumuimbishe wimbo ya misa, ile ataimba bila kukwama."

Hilo ndilo lililomtoa Neema. Kumbe alikuwa kisiwani Idjwi, ziwani. Watu wa mtumbwi walimvusha, akawa anaishi kwa familia moja huko, na kila aliyemuuliza jina aliambulia kimya. Watu wa shirika walipomwimbisha, akaimba. Walipomuuliza jina baada ya wimbo, akalitaja.

Siku analetwa tulikuwa wote uani, mama mbele kabisa. Lakini kwa yale matanga wanawake walikuwa wamemnyoa mama nywele zote, na alikuwa amekonda vibaya.

Neema akampita.

Akaja akashika suruali yangu, akauliza kwa shida, "Ma... maman iko wapi?"

Mama alicheka kwanza, halafu akakaa chini pale pale kwenye udongo. Mimi nikamshika Neema mkono, nikampeleka pale alipokaa.

Funzo nililobaki nalo: mteja mwenye shida anakusoma wewe kabla hujafungua mdomo. Mkao wa semina uulizie kwanza maana yake kwa watu unaowahudumia.

Kwenu mkono shavuni unasema nini? Na mliokaa mbele ya wateja, mwili wenu umewahi kusema neno ambalo hamkulisema? Shusheni, nipo nasoma.