Siku Kiberenge Kilipozima Chapwa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu hadi majirani huulizana kama mzee yuko salama. Ni siku niliyokaribia kuua watu kwa sababu ya aibu.

Kile kiberenge unachokiona stesheni ya Tunduma chini ya banda la mabati, kinachopigwa picha na watoto wa shule, nilikiendesha mimi. Kilikuwa cha betri, hakina moshi wala kelele, na tulikitumia kukagua reli. Kilitengenezwa chepesi makusudi, ili treni ikija watu wanne wakinyanyue na kukiweka pembeni.

Nilikuwa kijana kutoka Ibaba, navaa kofia ya kazi hata kanisani. Jumapili moja, badala ya kukiacha kwenye chaji, nilikizungusha kutwa pale stesheni nikijionyesha kwa wasichana. Kesho yake asubuhi tukafika Chapwa, kikazima katikati ya reli.

Treni ya abiria ilikuwa njiani kutoka Vwawa. Tulikuwa wawili tu, mimi na Mzee Simbeye aliyenifundisha kazi, tena mgongo ulikuwa unamsumbua. Pembeni akina mama walikuwa wanapalilia mahindi.

"Mzee, tukisukume wenyewe hadi stesheni," nikamwambia. "Tukiwaita hawa, Tunduma nzima itajua."

Hakunifokea. "Lusekelo, treni ina watu. Wewe una aibu. Chagua haraka."

Akachukua bendera nyekundu, akaelekea upande treni inakotokea huku akichechemea. Nami, mwenye kichwa kigumu, nikasukuma. Kiberenge kikasogea hatua chache, kwenye kilima kikakataa kabisa. Ndipo nikasikia honi.

Nilipiga yowe, mwanangu, sauti ikanikatika kama ya mtoto. "Akina mama, njooni!"

Walitupa majembe wakaja sita mbio. Wakashika pembe za kiberenge, wakahesabu kwa Kinamwanga, kikapaa! Tulikitua kwenye mahindi, nami nikaanguka juu yake. Treni ikapita polepole, maana dereva alikuwa ameshaiona bendera, na abiria wakatupungia madirishani. Wale akina mama wakaanza kuimba na kucheza.

Binti mmoja kati yao hakucheza. Alisimama mbele yangu, mikono kiunoni. "We kaka, muda wote huo hukutuona? Au ulitaka sisi ndio tukubembeleze?"

Huyo ndiye anayekupikia chai ukija kwangu.

Mzee Simbeye alinilazimisha niisimulie habari hiyo mwenyewe mbele ya wafanyakazi wote. Walicheka hadi wengine wakakaa chini. Nikacheka nao, na aibu ikaniishia palepale. Kiberenge kilitumika miaka mingi tena, hadi betri zake zikakosekana madukani. Wakubwa wa reli wakataka kukikata kiwe chuma chakavu, sisi wastaafu tukaomba kibaki. Nafurahi sana kila nikipita pale.

Basi mwanangu, ukikwama, sema mapema. Biashara ikiharibika, ndoa ikiyumba, mwili ukiugua, usijifungie ndani ukisukuma peke yako ili watu wasijue. Watajua tu, na watakucheka kidogo, kisha watakusaidia. Mimi walinicheka, na treni nzima ya watu ikafika kwao salama.

Mungu akupe ujasiri wa kuita, akuzungushie watu wanaoitika, na nyumba yako isikose kicheko. Amina.