Aproni Niliyopikia Mandazi

Wenzangu, bado naona aibu nikikumbuka. Jumamosi nilikwenda mtaa wa Scarborough, huku ughaibuni, kujitolea kupanga vitu vya kale vya chama cha udugu kilicholetwa na watu Weusi kutoka Marekani. Wageni wa kuja kuviona walikuwa njiani, nikasema niwakaangie mandazi. Mezani nikaona aproni nyeupe ya ngozi. Mimi mama wa jikoni kanisani, nikiona aproni naona kazi. Nikaifunga kiunoni, nikakanda, nikajifutia unga wa mikononi hapo hapo.

Mlango ukafunguliwa. Mzee mmoja, mwanachama pekee aliyebaki, alinitazama.

“Hiyo aliivaa babu wa babu yangu akila kiapo cha kujiunga na chama, baada ya kutoroka utumwa. Katika ukoo wetu tunaigusa kwa glavu.”

Nyuma yake wageni wakavua kofia mmoja mmoja. Nami nimesimama na aproni ya babu huyo kiunoni, imejaa alama za viganja vyangu.