Mawe Matano ya Karani wa Mizani

Mimi ni karani wa mizani, napima pamba kwenye ghala la kijiji nje kidogo ya Bariadi. Kazi hii inakufundisha kutoamini mtu. Mkulima anakusalimia vizuri, kumbe mzigo wake una mchanga, au kamwagia pamba maji iwe nzito.

Siku moja wakulima wakanitania, "Karani, na wewe tukupime." Walipoondoka nikajipima, na tangu hapo sikuacha. Nikaanza kuruka chakula cha usiku ili uzito ushuke, kisha cha mchana. Mama akinipakulia ugali naona anazidisha makusudi. Mboga naishuku ina mafuta mengi. Nywele zilikatika, hedhi ikakoma, mikono ikaota vinyweleo kama vya mtoto mchanga. Jua la saa saba, mimi nimevaa sweta. Shangazi alisema nimerogwa. Majirani walisema wanayoyasema. Niliwashuku wote.

Nilianguka palepale ghalani. Hospitalini daktari akasema, "Moyo wako unapiga polepole mno. Huu ni ugonjwa wa kujinyima chakula, na unaua." Nikamwona mwongo. Wakanilaza, wakanilisha kidogo kidogo na kunipima uzito.

Basi nikafanya nilichokuwa nawakamatia wengine. Kabla ya kupimwa nilikunywa maji mengi, nikatia mawe kwenye mfuko wa sketi. Uzito ukapanda. Daktari akafurahi, akataka kuniruhusu.

Muuguzi mmoja, mama wa makamo, hakufurahi. Alisubiri daktari atoke.

"Ng'wanone, mwanangu, mimi nimelelewa na pamba," alisema. "Baba yangu alikuwa anaweka mchanga. Toa."

Niliyatoa moja moja kwenye kiganja chake, mawe matano. Nililia kwa aibu.

"Mkulima akidanganya mzani, anapata kitu," akasema. "Wewe unamwibia nani?"

Siku ile ndiyo niliogopa kufa.

Kupona kulichelewa. Miguu ilivimba, tumbo lilijaa gesi, na kila kijiko bado nilikishuku. Mama alikula nami sahani moja. Alionja kwanza, kutoa uchawi kama wanavyofanyiwa wageni, ndipo nami nikala. Tulikwenda hivyo miezi mingi.

Namshukuru Mungu, mama na yule muuguzi. Ukiona binti anakwepa chakula, usimcheke wala usimsifu kwa kupungua. Mpeleke hospitali, kisha ukae naye mlo kwa mlo.

Nimerudi ghalani. Mawe yale, muuguzi alinirudishia, nimeyaweka mezani, kando ya mzani. Wakulima wakiyaona huuliza, "Umemkamata nani?"

Nawajibu, "Mimi."