Mluzi wa Hosiana warudi shambani

Saa kumi na mbili asubuhi, udongo wa kijiji cha Samuye bado umelowa mvua ya jana. Hosiana Ndaki (47) anashika plau, anabana midomo apige mluzi. Mbele yake maksai wawili, Waziri na Diwani, wamesimama kwenye nira wakisubiri.

Unatoka upepo mtupu. Jirani yake, Bhoke, anacheka kutoka mpakani mwa shamba: "Mama Loveness, unapoza uji?"

"Subiri wewe! Mdomo umelala mwaka mzima, utaamshwa na kelele zako?"

Hosiana huwalimia watu kwa Sh50,000 kwa ekari. Maksai hao amewafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama, na huenda kwa mluzi wake tu. Mwaka jana upande wa kulia wa uso wake ulilegea ghafla, mluzi ukakatika.

Kabla ya hapo alikuwa akikohoa. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita, nafuu hakuna. Ndipo madaktari wa hospitali moja jijini Mwanza wakakata kinyama cha tezi shingoni, wakapima. Ugonjwa wenyewe unaitwa sarkoidosi: kinga ya mwili inakosea na kuotesha vinundu, kwake kwenye mapafu na mishipa ya fahamu ya uso. Hauambukizi.

"Niliposikia hauambukizi, nilirudi nikanywa maji kikombe kimoja na Bhoke. Naye akanywa. Siku hiyo nilishiba bila kula."

Uso unarudi kidogo kidogo, ila vidonge vya ugonjwa huo vimemvimbisha mashavu. "Watu wananiuliza nimeokota dhahabu Bulyanhulu," anasema akicheka.

Msimu uliopita mumewe, Amosi, alijaribu kulima. Maksai wakagoma. Akanunua filimbi ya refa.

"Kupuliza tu, wakakimbia na plau hadi kwenye pamba ya watu," anakiri Amosi. Ekari zao tatu zikabaki majani.

Hosiana anapangusa midomo, anajaribu tena. Mluzi unatoka, mwembamba, umepindapinda. Waziri anasimamisha masikio. Diwani anavuta. Udongo unapinduka, na Bhoke anapiga vigelegele.

Daktari amemwonya asiache dawa, maana ugonjwa huu huweza kurudi. Kwa hiyo Hosiana anataka mvua zisiishe kabla Amosi hajajua mluzi. Wakifika mwisho wa shamba, anampisha mumewe, aliyekuwa akifuata nyuma, ashike plau.

"Bana midomo, baba Loveness. Taratibu, huwashi moto!"

Amosi anapuliza. Maksai hawasogei. Wanageuza shingo, wanamtazama Hosiana.

"Mwakani watakusikia," anamwambia. "Puliza tena."