Fomu ya Matembezi ya Mjukuu

Jirani wa ghorofa ya chini huandika amekunja mkono kuizunguka karatasi, kama mtoto anayeficha jibu. Ni Mmarekani mweusi, mzee wa sauti ya taratibu, na kila kalamu huijaribu kwanza kiganjani. Jumamosi alipanda jikoni kwa kina Nkatha, binti wa ghorofa ya juu, na fomu ya shule. Anatamani kumsindikiza mjukuu wake kwenye matembezi ya darasa, jambo ambalo shule haijawahi kumruhusu, kwa sababu zamani polisi walimkuta na msokoto mmoja wa bangi, akatiwa hatiani. Sasa jimbo lao la Minnesota limeihalalisha bangi, na rekodi yake ya hatia imefutwa, kana kwamba haikuwahi kuwapo. Barua ya kuthibitisha anayo mfukoni.

“Kwani anko, Wazungu hawakuvuta?” Nkatha aliuliza.

“Walivuta sana, mwanangu. Ila polisi walipotea njia kila walipotafuta mitaa yao.”

Walipofika kwenye swali, “Umewahi kutiwa hatiani?”, kalamu ilikwenda yenyewe ikatia alama kwenye NDIYO. Akaitazama.

“Miaka kumi na tisa najibu hivyo,” akasema, kama anayeomba radhi.

Nkatha aliprinti fomu nyingine, akamshikia karatasi isiteleze, naye mzee akaanza upya na jina lake.