Yungi la Dada wa Mkunga

Mtaani walimwita Daktari, ingawa hospitali alikuwa akiiona kwa nje tu. Jina lilitoka kwenye kitalu chake cha maua, kiwanja chembamba pembeni mwa nyumba yake, ambapo kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameotesha na kuokoa mimea ambayo wenyewe walishaikatia tamaa. Mtu akimletea chungu chenye kijiti kikavu, Daktari kwanza alikwangua ganda kwa ukucha wa kidole gumba, akachungulia kama chini yake kuna kijani, kisha akatangaza: "Huyu mzima. Ninyi ndio mmeanza kulia mapema." Watu walicheka, naye alipenda kuchekewa hivyo. Tuseme ukweli, alipenda kupita kiasi.

Kila Jumamosi asubuhi watu kumi, kumi na wawili hivi, walikaa chini ya turubai la kitalu wakiwa na madaftari magotini, wakijifunza kuchagua maua ya kudumu, yale unayoyapanda mara moja yakachanua mwaka baada ya mwaka. "Ua la msimu ni mgeni," angeanza. "Mpe kiti, mpe chai, akiondoka umpungie mkono. La kudumu ni mkwe. Kabla hujamleta nyumbani jiulize atalala wapi." Hapo angewaeleza kwamba bogenvilia hutaka jua kali na miguu mikavu, kwamba asumini ipandwe karibu na dirisha la mtu asiyeumwa kichwa na harufu, na kwamba mwenye baraza tu asilie kukosa bustani, mradi chungu kiwe na matundu chini. Juu ya kichwa chake kilining'inia kibao alichokiandika kwa mkono wake: MMEA HAUDANGANYI. Kibao hicho tutakirudia.

Nyumba ya tatu kutoka kwake aliishi mkunga mstaafu, mama mnene mpole aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule, akiwemo mke wa Daktari, mara mbili. Barazani kwake kulikuwa na chungu kimoja tu. Kilikuwa na yungi, lile linalokaa udongoni kama kitunguu kikubwa na kutoa maua mara moja kwa mwaka, mvua zikianza. Lilikuwa la dada yake mkubwa, aliyelitunza miaka kumi na tisa hadi alipofariki. Mkunga hakuwa na picha nyingi za dada yake. Alikuwa na yungi.

Mwaka huo binti yake anayeishi mbali alijifungua mtoto wa kwanza, na mkunga akaitwa akakae naye miezi mitatu. Alibeba chungu mwenyewe hadi kitaluni, hakukubali kusaidiwa.

"Nakuachia, ndugu yangu," alisema. "Sina mwingine wa kumwachia."

"Nenda kabembeleze mjukuu, Dada," Daktari akamjibu. "Ukirudi utalikuta linakusalimia."

Sasa, yungi hulala wakati wa kiangazi. Majani hugeuka njano, yakanyauka, yakaanguka, na kitunguu kikabaki kimya udongoni kikisubiri mvua. Kwa muda huo hutakiwi kufanya lolote. Unakiweka chungu kivulini, maji huyagusi, unaendelea na maisha yako. Daktari alilijua hilo kuliko jina la mkwewe. Alikuwa amelifundisha Jumamosi zisizo na idadi.

Lakini chungu cha mkunga hakukiweka kivulini. Alikiweka kwenye meza ya mbele, karibu na geti, ili kila apitaye aone amekabidhiwa nini na nani. Majani yalipoanza kuwa ya njano, wapita njia wakaanza maneno. "Vipi, Daktari, mgonjwa wa mkunga hali mbaya?" Siku ya pili mwingine akasema, "Leo dawa imegoma." Walikuwa wanatania. Angeweza kuwaambia limelala, yakaisha. Badala yake aliona haya, mbele ya watu ambao hawakujua tofauti ya yungi na kitunguu saumu, na jioni ile akalimwagilia. Kesho yake akalimwagilia tena. Akaliongezea samadi ya kuku. Alitaka jani moja tu la kijani, la kuwafunga midomo.

Baada ya wiki tatu alibonyeza shingo ya kitunguu na kidole kikazama. Harufu ilimfikia kabla hajainama. Akakipindua chungu nyuma ya banda, akakuta uji wa kahawia, hakuna hata kipande cha kuokoa. Alinawa mikono mara tatu. Kisha, bila kujipa nafasi ya kufikiri, akatupa ule uozo kwenye shimo la mboji, akachukua kitunguu kingine cha yungi kutoka akiba yake, kikubwa kama kile, akakipanda kwenye chungu kilekile.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo.

"Hilo la nani?"

"La mkunga."

"La mkunga si lilikuwa na majani?"

"Limelala."

"Mpigie simu, mume wangu. Mwambie."

"Yuko na mtoto mchanga. Nimsumbue kwa ajili ya kitunguu?"

"Haya," mke akasema, akaenda kuanika nguo. Wanandoa wa miaka mingi wanajua neno hilo lina uzito gani.

Kitu kimoja hakukijua, nacho ni rangi. Hakuwahi kuliona yungi la mkunga likiwa na maua, maana kipindi cha mvua ndicho kipindi chake cha kazi nyingi. Mayungi yake mwenyewe yalikuwa mekundu, na mengi aliyoyaona maishani yalikuwa mekundu, kwa hiyo akajiambia hata lile lilikuwa jekundu. Kuuliza kungekuwa kujianika.

Mkunga alirudi na picha za mjukuu kwenye simu. Mtoto alikuwa amepewa jina la marehemu dada. Alikikumbatia chungu kile kisicho na jani kama mtu aliyerudishiwa mtoto. "Hukunitunzia ua," alimwambia Daktari. "Umenitunzia dada." Daktari akajibu kwamba si kitu, Dada, si kitu kabisa, na siku ile hakula chakula cha mchana.

Mvua zikaanza. Daktari akawa anapita upande wa pili wa barabara, ule wenye matope, ili asipite mbele ya baraza ile. Hata hivyo aliliona shina likichomoza, kisha tumba likinenepa juu yake. Siku ya tisa mkunga akaja mwenyewe kumwita. "Njoo uone kitu," alisema, na Daktari akamfuata kama mwanafunzi anayepelekwa kwa mwalimu mkuu.

Maua manne, mekundu kabisa, yalikuwa yamefunguka.

"Lilikuwa jeupe," mkunga alisema taratibu. "Miaka yote. Jeupe, na kijani kidogo kooni. Hebu niambie wewe mjuzi, ua hubadilika rangi?"

Lipo ua linalobadilika. Lile la mashada makubwa, ukilipanda udongo huu linakuwa buluu, ukilihamisha linakuwa la waridi. Daktari akauchukua ukweli wa ua hilo akauvisha yungi.

"Ni udongo, Dada. Nilibadilisha udongo."

Mkunga akakaa chini kwenye ngazi. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Dada yangu alipenda nyekundu tangu tuko wadogo. Hakuvaa hata siku moja, eti watu watasemaje. Sasa ameamua kuvaa." Akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. "Mwache avae."

Daktari alitembea nyumbani akiwa na aibu ambayo hakuwahi kuijua, hata alipokuwa kijana mwenye mambo mengi ya kuonea aibu. Kuua ua la mtu ni bahati mbaya. Lakini alikuwa ametumia elimu yake yote, ukucha wake na kibao chake, kumdanganya mwanamke aliyewapokea watoto wake duniani. Mbaya zaidi, uongo wenyewe ulikuwa umemfurahisha. Angeuvunja vipi sasa?

Hakuuvunja. Wiki mbili zilipita, na mkunga akawasimulia watu wote. Alisimulia dukani, zahanati, kwenye foleni ya maji. Kila simulizi iliishia na maneno yaleyale: "Daktari mwenyewe kasema."

Jumamosi ya tatu akaja darasani, akakaa kiti cha mbele na daftari jipya. Pembeni yake alikaa fundi cherehani, mwanamke mwerevu asiyependa kununua kitu bila kukigeuza pande zote. Daktari alikuwa katikati ya somo la vyungu vya barazani fundi aliponyoosha mkono.

"Mimi nataka mayungi meupe, mstari mzima," alisema. "Wewe unayo mekundu tu. Lakini mama hapa ametueleza kwamba udongo ndio hubadilisha. Basi nipe hayo mekundu, unitajie udongo, nikayafanye meupe mwenyewe."

"Watajie, Daktari," mkunga akasema, uso umejaa fahari. "Ule ulionitilia mimi."

Kalamu kumi na mbili zikainuka. Daktari aliwaona wote wakisubiri kuandika. Angetaja udongo wowote, wa mtoni au wa kichanga, na wangeuandika, wangeupeleka nyumbani, wangewafundisha jirani zao. Mke wake alikuwa ameacha kufagia. Kibao kilikuwa juu ya kichwa chake, na ingawa hakukitazama alikihisi kikimkandamiza utosi.

"Yungi halibadiliki rangi," alisema.

Hakuna aliyeandika.

"Halibadiliki. Jeupe ni jeupe hadi kufa. La Dada lilikufa. Lilikuwa limelala, nikalimwagilia maji ili watu wasinicheke, likaoza. Lile jekundu ni la kwangu. Nilimdanganya."

Mtu mmoja alikohoa. Mkunga alifunga daftari, akaweka kalamu mfukoni, akainuka kwa kushikilia kiti chake. Hakupandisha sauti. "Nimewaambia watu wangapi, Daktari?" aliuliza, na kabla hajajibiwa akatoka.

Alasiri Daktari alimfuata nyumbani kwake. Mkunga alizungumza naye akiwa ndani, nyuma ya wavu wa mlango, hakuufungua.

"Nisamehe, Dada."

"Nitakusamehe. Si leo. Unajua ulichokifanya? Kunidanganya ulinidanganya tukiwa wawili. Ukweli ukaniambia mbele ya watu kumi na wawili. Nyumba ya tatu, ndugu yangu. Wiki mbili. Hukuweza kuja kubisha hodi?"

Njia nzima Daktari alikuwa akijiliwaza kwamba angalau alikuwa jasiri, na sasa hata hilo likamtoka mikononi. Ujasiri wake ulikuwa umemvua nguo mtu mwingine.

"Nilikuwa nalisalimia," mkunga akaendelea. "Kila asubuhi. Shikamoo dada. Kumbe naamkia kitunguu chako." Kisha akauliza, kwa sauti ya kazi, kama anavyouliza mkunga: "Kile kilichooza ulikizika wapi?"

"Kwenye shimo la mboji."

"Kachimbue. Hata ganda tu."

Daktari akatazama miguu yake. "Mboji ile nilishaigawa, Dada. Iko kwenye vyungu vya wateja."

Mkunga akasikika akiburuta kandambili kwenda jikoni.

Jumapili Daktari alipanda ngazi akateremsha kibao. Mke wake akamuuliza kwa nini. "Rangi imechakaa," alisema, kisha akajisikia alichokisema, akasimama palepale na kibao kifuani. "Si rangi." Mke akakipokea, akakiegemeza ukutani, maandishi yakitazama ndani.

Jumatatu, alipofungua geti, chungu kilikuwa chini, nje, pembeni ya njia. Maua manne yalikuwa bado wazi, mazuri kupita mayungi yote aliyowahi kuchanusha. Udongo ulikuwa umemwagiliwa asubuhi ileile, na majani yalikuwa yamefutwa vumbi. Hakukuwa na karatasi wala salamu. Alikiinua, akakiweka kwenye meza ya mbele, akakitoa, akakipeleka nyuma ya banda, akashindwa kukiacha huko, akakirudisha mbele.

Saa nne akaingia mteja mgeni, mama aliyehamia mtaani juzi, ambaye hakujua habari ya mtu yeyote. Alizunguka kitalu kizima, kisha akasimama mbele ya chungu kile.

"Hili unauzaje?"

"Hilo haliuzwi."

"La nyumbani?"

"La jirani," Daktari akasema. "Nimeachiwa."

Mama yule akagusa jani kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ana bahati huyo jirani," alisema. "Siku hizi huwapati watu wa kuwaachia kitu."

Daktari akachukua ndoo, akaenda bombani, na maji yakajaa yakamwagika juu ya viatu vyake muda mrefu kabla hajafunga.